Nuara Yuko Hivi Hivi

Zaafrane, 10 Juni 1992

Mdogo wangu Lazhar,

Salamu zikufikie huko Sicilia pamoja na jasho lako la nyanya. Barua hii naiandika mwenyewe, sikumpa mtu kalamu. Uvumilie mwandiko, darasa la tano ndilo lililonifikisha hapa.

Jumamosi Nuara alipasuliwa. Tulitoka alfajiri na teksi ya Mansur, naye akasema habebi mbwa. Nikamwambia huyu si mbwa, ni sluki wa kuwinda sungura, na bibi yake huyu baba yetu alimlaza ndani ya hema siku ambazo mimi na wewe tulilala nje. Akafikiri, akasema, “Kama ni sluki basi akae mbele. Mbwa angekaa kwenye buti.”

Daktari wa wanyama wa Gabes ni kijana mpole mwenye mikono safi. Alimpiga sindano ya nusu kaputi, akaniambia nitoke. Nikakaa ukumbini nikasoma nilichojaliwa kukijua cha Kurani, nikakirudia. Usimwambie imamu. Kile kivimbe chini ya tumbo, ulipokiona wakati wa Idi kilikuwa kama tini changa. Juzi kilitoka kama ndimu. Daktari alinionyesha ndani ya chupa. Kipande amekipeleka Tunis wakakitazame kwa darubini, kama ni cha shari au hakina neno. Tumboni ana nyuzi kumi na nne, nimezihesabu.

Alipozinduka miguu yake ilikuwa kama ya ndama wa ngamia aliyezaliwa saa hiyo. Na shingoni kavishwa faneli kubwa ya plastiki asijilambe. Jirani yetu Hadda alipomwona akasema, “Saluha, naona mbwa wako kapata redio, na spika yake kabisa.” Kisha akauliza kwa sauti ya asali kama ana nafuu. Nikamjibu, “Yuko hivi hivi.” Unalijua jicho la Hadda. Mgonjwa hasemwi kapona mpaka arobaini ipite, hata akiwa anacheza ngoma. Kwa hiyo na wewe usiniulize. Mpaka arobaini ipite, Nuara yuko hivi hivi.

Haji Belgasem wa Kebili asikuhangaishe. Ulimwahidi kwamba baada ya mavuno ya tende atampata Nuara, ili posa yako kwa binti yake Wasila ikae sawa, na ahadi ni ahadi. Nuara ni wako. Miaka minne iliyopita uliniachia amana, na mimi ni mlinzi tu.

Kula vizuri. Usilale na fulana mbichi.

Dada yako,
Saluha

*

Vittoria, 28 Juni 1992

Dada Saluha,

Barua yako niliisoma ndani ya banda la plastiki, kwenye joto ambalo hata nyanya zinaomba maji. Wenzangu walitaka kujua kwa nini nacheka. Nikawasomea habari ya redio. Sasa kila jioni wananiuliza, “Redio ya dada yako inasemaje leo?”

Ya arobaini nimekubali, siulizi. Ila jibu la Tunis likija unijulishe, maana hilo ni la daktari, halina jicho.

Haji Belgasem ameniandikia. Ni mtu wa maneno machache: salamu mistari miwili, sluki mistari kumi. Anasema hataki dhahabu kutoka kwangu wala kondoo, anataka damu ya sluki wa marehemu baba yetu mbele ya farasi wake msimu wa sungura. Binti hakumtaja. Dada, nina miaka arobaini na moja. Nimechoka kupika tambi zangu mwenyewe katika chumba cha wanaume sita. Wasila nimemwona mara mbili tu, na mara ya pili alinicheka waziwazi kwa sababu nilivaa viatu vipya visivyonitosha. Namtaka huyo. Kwa hiyo muuguze Nuara kama ambavyo ungeniuguza mimi.

Ndugu yako,
Lazhar

*

Zaafrane, 25 Julai 1992

Mdogo wangu,

Tunamshukuru Mungu kwa kila jambo. Joto limetushika koo mwaka huu, hata mitende imechoka.

Unauliza habari za Nuara. Yuko hivi hivi. Chakula anakigusa tu. Mchana kutwa amelala kivulini, nikimwita anafungua jicho moja. Tunis hawajajibu, unajua watu wa ofisini. Nyuzi zilitolewa, lakini kidonda cha ndani nani anakiona? Sidhani, Lazhar, kwamba baada ya tende atakuwa wa kusafiri, sembuse kukimbia mbele ya farasi. Nimesikia pia kwamba Haji anawafunga sluki wake kwa mnyororo karibu na zizi la farasi. Sijui. Watu husema mengi. Lakini jiulize, mtu anayetaja sluki mistari kumi na binti yake hakumtaja hata mmoja, ni mtu wa namna gani?

Kuku wa Hadda amepotea na Hadda ananitazama mimi. Ukuta wa uani nimeuongeza safu mbili za tofali, wa nyuma ulikuwa mfupi mno. Fundi alimaliza jana.

Nakuombea kila swala.

Saluha

*

Vittoria, 16 Agosti 1992

Dada Saluha,

Barua yako nimeisoma mara nne, na kila nikiisoma inazidi kuninukia moshi.

Arobaini ilikwisha Alhamisi ya tarehe kumi na sita Julai. Nilihesabu kwenye kalenda ya muuza mbolea iliyo ukutani kwetu. Wewe umeandika siku tisa baadaye, na bado hivi hivi. Haya. Lakini niambie: sluki asiyeweza kufungua macho mawili kwa pamoja, kwa nini umjengee ukuta? Kuku wa Hadda kaliwa na nani, na mgonjwa asiyegusa chakula? Na wewe tangu lini unasikiliza watu wanasema nini juu ya Haji, wewe uliyeniambia mwaka jana kwamba ni mtu wa dini?

Ninawaza mambo mawili. La kwanza, Nuara amekufa, na ule ukuta ni wa kufunika kitu. La pili sitaki kuliandika, lakini hapa kuna mtu wa Douz anayesema wakubwa wanaokuja na magari kutoka Tunis wananunua sluki wazuri bila kuuliza ni wa nani.

Nisamehe. Ukikaa mbali kichwa huota majani. Nimemwomba binamu Tijani apite kwako. Usimwambie nimemtuma. Naona nimeshakuambia mwenyewe, basi.

Lazhar

*

Douz, 5 Septemba 1992

Kwa binamu Lazhar,

Ulinituma kama mpelelezi, na mimi ni muuza viatu, kwa hiyo nisamehe upungufu.

Nilifika Jumatano, teksi ikaniacha barabarani. Dada yako alikuwa mlangoni kabla sijabisha, na mlango ameuziba kwa mwili. “Tijani, leo umepotea njia?” Nikasema nimekuja kumjulia hali mgonjwa. Akasema, “Subiri nimfunike.” Nilisubiri muda wa kunywa chai mbili, na ndani nilisikia mtu akinong'ona, “Lala. Lala, nakwambia.”

Nuara yu hai. Hilo liondoe moyoni. Nilimkuta kwenye mkeka, amefunikwa blanketi la sufu, na joto lile. Tumboni kafungwa bandeji nyeupe safi kama kilemba cha Idi, haina doa. Macho yake mazuri. Nilipotaja jina lake, blanketi likaanza kupigapiga upande wa mkia. Dada yako akaweka mguu juu yake, akaniuliza habari za watoto.

Sasa sikiliza. Nilikaribishwa kuskusi, na nilikula sana kwa sababu ya nyama. Ilikuwa ya sungura wa porini, Lazhar. Nimemjua kwa mifupa. Nikamuuliza kampata wapi. Akasema, “Sokoni.” Soko ni Alhamisi, na sungura wa Alhamisi akikaa mpaka Jumatano inayofuata hapo ndani kwa joto hili, basi anajitembeza mwenyewe. Bunduki mle ndani hakuna. Mume hakuna, Mungu amrehemu. Wa kukamata sungura katika nyumba ile ni mmoja tu, na alikuwa amefunikwa blanketi.

Sitii neno langu. Mimi nilikula.

Tijani

*

Vittoria, 19 Septemba 1992

Dada,

Nani alimkamata sungura?

Mama alipofariki nilikuwa na miaka saba. Shangazi wote walisema ameenda kuhiji. Wewe ulikuwa na kumi na tano. Ulinichukua nyuma ya nyumba, ukanishika masikio yote mawili, ukasema, “Lazhar, mama amekufa, harudi, na mimi nitakupikia.” Tangu siku hiyo nikitaka kujua kitu ni kweli, najiuliza kama dada angekisema hivyo.

Niambie.

Lazhar

*

Zaafrane, 3 Oktoba 1992

Mdogo wangu,

Sungura alikamatwa na Nuara.

Nakaa niandike yote, na ukiona maji kwenye karatasi usiseme ni chai.

Jibu la Tunis lilikuja tarehe pili Julai. Kivimbe hakikuwa cha shari. Kimekatwa chote na mizizi yake. Daktari alisema anaweza kuishi miaka sita, saba, apendavyo Mungu. Nilisujudu palepale kwenye sakafu ya daktari, mgonjwa mwingine mwenye paka akaniruka.

Siku za mwanzo sikukudanganya. Hakuweza kusimama. Nilipitisha shuka yangu chini ya tumbo lake, nikashika ncha zote mbili, nikamnyanyua hivyo kumtoa nje kukojoa, yeye miguu minne na mimi miwili, tunakwenda pole pole kama wazee wawili wanaotoka hospitali. Bsisa nilimlisha kwa kidole, unga na mafuta ya zeituni. Nilihamisha godoro langu sebuleni. Alipoumwa alikuwa hapigi kelele, anakuja na lile faneli lake analigonga gotini kwangu mara moja, basi.

Tangu mume wangu Amor afe, miaka sita sasa, hakuna kiumbe ndani ya nyumba hii aliyeamka kwa sababu mimi nimeamka. Nuara huamka. Nikienda kutawadha alfajiri ananifuata, nikitandika mswala analala pembeni, wala haukanyagi. Nilimuuliza imamu. Akasema kwetu sisi wa madhehebu ya Maliki mate ya mbwa hayana neno, nisijitese. Hakujua naulizia kitu kingine: kukaa na cha mtu.

Arobaini ilipokwisha, siku ile ya Alhamisi, nilikaa na kalamu nikuandikie, “Kapona, mwambie Haji.” Siku hiyo alikuwa ameruka ukuta wa nyuma mara mbili. Nikaandika tarehe. Nikaandika jina lako. Kisha nikaichana. Siku tisa nimeandika na kuchana. Mwishowe nikaona neno hivi hivi liko tayari mezani, nimelizoea, watu wote wanalijua na hakuna anayelaumu. Nikalitumia. Mwanzo nilikuwa namficha na jicho la Hadda. Baadaye nikawa namficha na jicho lako.

Ile ya minyororo ya Haji niliitunga. Sijasikia kwa mtu. Hilo ndilo linalonichoma zaidi. Ule ukuta nilijenga asionekane na wapita njia akikimbia uani. Na bandeji nilimfunga asubuhi ile ile nilipomwona Tijani anateremka kwenye teksi mbali barabarani. Sungura alimleta jana yake, kwa kuruka huo huo ukuta mrefu, hai mdomoni, hajamtoboa hata ngozi, kama walivyokuwa wa baba. Nikamchinja kwa bismillahi. Nikampikia Tijani. Nadhani sehemu yangu moja ilitaka kukamatwa.

Kuku ni yeye pia. Hadda nimempa wangu wawili.

Amana hairudishwi kwa kupenda, hurudishwa kwa sababu ni ya mtu. Tende zinaisha kuvunwa wiki ijayo. Umtume Tijani aje amchukue, nami nitampa na blanketi. Usinibembeleze kwa maneno, nitadhoofika.

Saluha

*

Vittoria, 17 Oktoba 1992

Dada Saluha,

Kaa na Nuara. Si wangu tena, nimekupa, na Tijani ni shahidi.

Nilipomaliza barua yako nilitoka nje nikatembea mpaka mwisho wa mabanda. Ulinipikia miaka kumi na minne, ukakataa posa mbili kwa ajili yangu. Sijawahi kukusikia unataka kitu. Sikujua hata kama una kutaka.

Haji nimemmaliza. Nimemwandikia kwamba Nuara hakupona, kile kivimbe kilirudi, akafa, na umemzika nyuma ya mitende. Nimeweka na machozi kidogo. Ahadi ya marehemu haidaiwi. Unachotakiwa ni kimoja tu: wakija kwako kwa mambo ya harusi, mpeleke Nuara kwa Tijani siku mbili. Wewe huna haja ya kusema neno. Nyamaza tu, hilo naona unalimudu.

Nakutania. Cheka.

Lazhar

*

Zaafrane, 3 Novemba 1992

Lazhar,

Sikucheka.

Niliposoma mstari wa kwanza nilishukuru. Kisha nikaanza kuutafuta mtego, kwa sababu mtu akipewa bila kuomba hutazama chini ya mkeka. Nikaukuta kwenye mstari wa kumi. Umeniachia mbwa aliye hai, na kaburi lake nyuma ya mitende yangu. Wasila akiolewa, wewe utarudi Sicilia, yeye ataishi hapa na mimi. Siku mbili kwa Tijani, halafu? Nimwambie mke wako huyu ni nani anayelala pembeni ya mswala wangu? Nyumba yenu ianze kwa maiti ya uongo?

Jumapili nikampandisha Nuara kwenye teksi ya Mansur, nikaenda naye Kebili.

Haji alifungua mwenyewe. Alikuwa na uso wa tanzia tayari, akaanza, “Saluha binti wa rafiki yangu, Mungu akupe subira, nimesikia habari za yule sluki wenu.” Kisha akatazama chini.

Nikasema, “Haji, marehemu ndiye huyu.”

Nuara akamnusa viatu. Nikamweleza yote, nimesimama hapo hapo mlangoni, hata ile ya minyororo. Nilipofika kwenye minyororo alitazama zizi lake kama anayehakikisha.

Akauliza, “Na huyu mdogo wako ameniandikia kwa mkono wake kwamba amezikwa?”

“Kwa mkono wake. Na kuandika nilimfundisha mimi.”

“Mwanamume anayezika aliye hai, nimpe binti yangu?”

Hapo, Lazhar, nilikuona na zile tambi zako. Nikamwambia uongo wa kwanza ulikuwa wangu, wa pili ulizaliwa na wa kwanza, na anayedai anidai mimi. Nikamwekea kamba mkononi. Nikasema, “Hii ni ahadi ya ndugu yangu. Imechelewa wiki tatu.”

Aliipokea. Akachuchumaa, akamgeuza Nuara ubavu, akapitisha kidole kwenye kovu polepole, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Akambonyeza nyayo. “Huyu amekimbia wiki hii.”

“Alhamisi.”

“Alikamata?”

“Alikamata.”

Nadhani alitabasamu, lakini ana masharubu, sina hakika.

Ndipo Wasila akatokea na sinia ya chai. Chai ilikuwa imeshapoa, kwa hiyo najua alikuwa nyuma ya pazia tangu mwanzo. Akaweka sinia chini, akasema, “Baba, mchukue msimu huu wa sungura. Harusi ikifika masika, naondoka naye, awe katika vyombo vyangu.”

Haji akamwambia, “Nani kakuuliza wewe?”

“Hakuna. Ndiyo maana nimesema mapema.”

“Na nani kakuambia harusi bado ipo?”

Akamimina chai bila kumwaga tone. “Lazhar atakuwa Sicilia miezi kumi kwa mwaka. Mimi nitaishi na huyu,” akaninyoshea kidevu. “Afadhali nimejua sasa hivi anadanganya kwa ajili ya nini. Kuna wanawake wanadanganya kwa makubwa zaidi.”

Haji alikunywa chai yake baridi, akaniambia, “Mwambie mdogo wako aniandikie barua nyingine. Ile ya kwanza aliua. Hii afufue, na aombe radhi kwa kila neno, halafu nitaona.” Kisha akamfungua Nuara kamba, asimfunge popote, akaingia naye ndani. Nilimsikia kucha zake kwenye vigae. Alisimama mara moja, kisha akaendelea.

Wakati wa kurudi Mansur aliniachia wazi kiti cha mbele, sikukikalia.

Sasa nimekaa hapa nikimfikiria huyo Wasila. Sijui kama amempenda Nuara, au ameona haraka kuliko sisi sote ni kamba gani ya kunivutia mimi. Nimemgeuza huku na huku tangu Jumapili, nikimtafuta ubaya, na nimeshindwa kumkasirikia. Mtu anayeingia nyumbani kwako ameshika kitu chako cha pekee, na anakuonyesha kwamba amekishika, huyo angalau hajakificha.

Andika kwa Haji leo, kabla hujaingia mabandani. Kweli tupu, na mwandiko ulionyooka. Na huyo mke, Mungu akijalia mkapewa, usije ukajaribu kumficha kitu chochote. Mimi sitajaribu.

Dada yako,
Saluha